Aliyeanguka mkarafuu asinyanyuliwe kwa makwapa

Mhariri,

Msimu wa karafuu ukifunguka, Pemba yote huhamia mashambani, na kila msimu wapo wanaorudi wamebebwa. Mkarafuu hupita mita 10 kwa urefu, na tawi lake ni la kuvunjika: hata likiwa nene halipindi kwanza likakuonya, hukatika papo hapo. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie kinachotokea chini ya mti katika dakika chache baada ya mtu kuanguka. Mfupa huvunjika pale anapotua, lakini mara nyengine fahamu za miguu hupotea pale anaponyanyuliwa.

Wa kwanza kufika humshika makwapa, wa pili humshika miguu, na mwili unajikunja katikati kama gunia lisilojaa. Anakalishwa, anapewa maji, kisha anapakiwa kwenye pikipiki baina ya dereva na mtu wa kumshikilia. Yote haya hufanywa kwa huruma na kwa haraka. Wanaofanya hivyo si wazembe, ila hawajapata kuelezwa kilichomo ndani ya mgongo.

Lugha yetu nayo ina sehemu yake. Kwa Kiswahili cha kila siku, njia ya damu ni mshipa, uzi wa fahamu ni mshipa, kano iliyo nyuma ya kifundo cha mguu ni mshipa, na mwenye ngiri naye husemwa ana mshipa. Mtu akilalamika kuwa "mshipa umekaa vibaya", mkandaji huukanda, uwe mshipa gani. Lakini njia ya damu ni mrija, kano ni kamba ya kuvutia mfupa, na mshipa wa fahamu, yaani neva, ni kifungu cha nyuzi nyembamba zinazopeleka habari. Mrija ukikatwa utaiona damu. Neva ikikatwa huoni chochote, ila kidole kimenyamaza.

Uti wa mgongo una pingili 33: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 zilizoungana kuwa mfupa mmoja nyuma ya nyonga, na takriban 4 ndogo za kifandugu. Ndani ya pingili umepita mfereji, na ndani ya mfereji ndimo ulimo ugwe wa mgongo, ambao ni muendelezo wa ubongo. Unene wake ni kama wa kidole cha mwisho cha mkono, na urefu kwa mwanamme ni kiasi cha sentimita 45. Ugwe huu ni laini mno. Hauna nguvu ya kujikinga wenyewe, ulinzi wake wote ni ule mfupa unaouzunguka, na mfupa huo ukivunjika ncha zake ndizo zinazougeukia.

Kutoka kwenye ugwe hutoka jozi 31 za neva, kulia na kushoto: 8 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za nyonga na 1 ya kifandugu. Wanafunzi wa skuli za afya huuliza kila mwaka kwa nini shingo ina pingili 7 na neva 8. Sababu ni kwamba neva ya kwanza hutokea juu ya pingili ya kwanza, na ya 8 hutokea chini ya pingili ya 7. Kuanzia hapo kwenda chini, kila neva hutokea chini ya pingili ya jina lake.

Kila neva huanza kwa mizizi miwili. Mzizi wa nyuma huingiza habari: joto, maumivu, mguso, na hali ya kiungo kilivyokaa. Mzizi wa mbele hutoa amri ya kukunja msuli. Mfaransa François Magendie alilithibitisha hilo mwaka 1822, na mpaka leo ndilo linalotuwezesha kuelewa kwa nini mtu anaweza kuhisi mguu wake vizuri na asiweze kuuinua, au akauinua asijue kama umekanyaga moto. Baada ya mfereji mizizi hiyo huungana, na kuanzia hapo neva moja hubeba vyote viwili.

Sasa turudi chini ya mkarafuu. Anayeanguka kwa miguu au kwa makalio hushuka na uzito wake wote juu ya kiuno, na pahala panapovunjika zaidi ni pale pingili ya 12 ya kifua inapokutana na ya 1 ya kiuno. Juu ya hapo mbavu zimeushika uti, hauyumbi. Chini ya hapo uti unajikunja kwa urahisi. Mpaka baina ya kigumu na kinachojikunja ndio unaopokea kishindo. Na ugwe wa mgongo, kwa mtu mzima, huishia usawa wa pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno. Yaani mfupa unaopenda kuvunjika ndio ule ule unaofunika ncha ya mwisho ya ugwe, yenye amri za miguu, kibofu na haja kubwa. Kumkunja mtu huyo katikati, makwapa huku na miguu kule, ni kuukunja mfupa uliovunjika juu ya ncha hiyo. Tungependa sentensi hii moja isomwe na kila mwenye shamba.

Aliyetua kwa visigino, hata kama analalamikia kisigino tu, achunguzwe na mgongo, kwani nguvu iliyovunja kisigino imepanda mpaka kiunoni. Aliyetangulia kichwa, tuhuma iwe shingo. Neva ya 3, ya 4 na ya 5 ya shingo ndizo zinazoendesha kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Ukimuona majeruhi anapumua kwa tumbo peke yake na kifua kimetulia, jeraha liko shingoni na dakika ni chache.

Kumnyanyua kunataka watu wanne, na wa tano wa kusukuma ubao. Kwanza hakikisha anapumua. Kama njia ya hewa imeziba, sukuma taya la chini mbele kwa vidole vilivyowekwa nyuma yake, bila kukunja shingo nyuma. Hewa hutangulia kila kitu. Kisha mmoja apige magoti kichwani, aweke viganja pande mbili za kichwa na akishike kwa usawa wa mwili bila kukivuta. Shingo ikiwa imepinda na kuinyoosha kunaleta maumivu au inakataa, iachwe ilivyo. Wa pili ashike bega na nyonga, wa tatu nyonga na paja, mikono yao ikipishana, wa nne miguu. Amri hutolewa na aliye kichwani, hesabu moja mbili tatu, na mwili wote unageuzwa ubavu kwa pamoja kama gogo, pua ikielekea upande mmoja na kitovu. Ubao unaingizwa chini, na kwa hesabu nyengine anarudishwa chali.

Ubao uwe mgumu. Mlango uliotolewa kwenye bawaba unafaa sana. Jamvi na shuka havifai, na kitanda cha kamba pia hakifai kwa sababu huzama katikati. Pande mbili za kichwa weka kanga zilizoviringishwa au vifuko vya mchanga. Mfunge kifuani, nyongani na mapajani, kichwa kifungwe mwisho, kwani ukifunga kichwa kwanza na mwili ukateleza, shingo ndiyo itakayovutika. Mtoe funguo na sarafu mfukoni, maana ngozi isiyohisi hutoboka kwa kitu kidogo kama hicho. Asipewe maji wala chakula, huenda akahitaji dawa ya usingizi. Akitapika, ubao mzima ulazwe ubavu na yeye juu yake.

Kabla ya gari kufika, chukua dakika moja ya kumpima, bila kumwambia asimame wala akae. Akunje na kukunjua vidole vya miguu. Abane kidole chako kwa kila mkono. Kisha afumbe macho, umguse kwa ncha ya kijiti kuanzia miguuni kwenda juu, na akwambie anapoanza kuhisi. Ngozi imegawanywa baina ya neva kama mashamba yaliyopimwa: chuchu ziko katika eneo la neva ya 4 ya kifua, kitovu katika la 10, kinena katika la neva ya 1 ya kiuno, kidole gumba cha mguu katika la 5 ya kiuno, na kidole cha mwisho cha mguu katika la 1 ya nyonga. Kwa mkono, kidole gumba ni cha neva ya 6 ya shingo, cha kati ni cha 7, cha mwisho ni cha 8. Andika ulichokiona na saa uliyokiona, hata kwenye kiganja chako. Daktari akijua kwamba saa nne asubuhi vidole vilikuwa vinakunjika na saa sita havikunjiki, atajua kuwa kitu kinazidi kuubana ugwe, na huyo hasubiri kesho. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kuna madaktari wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, na kwa aliyeko Pemba uamuzi wa kumvusha bahari hutegemea sana taarifa za mwanzo kama hizo.

Anayepelekwa hospitali akiwa ameishiwa nguvu miguuni hupoteza pia habari za kibofu, ambazo hupitia neva za 2, 3 na 4 za nyonga. Kibofu kinajaa naye hajui. Ndiyo maana huwekewa mpira wa mkojo, na baadaye nyumbani hufundishwa kuutoa mkojo kwa mpira kila baada ya saa 4 mpaka 6, kibofu kisizidi mililita 500. Hugeuzwa kila saa 2, usiku na mchana, kwani kidonda cha kulalia huanza ndani ya saa chache na huchukua miezi kupona. Maji ya moto na mchanga wa moto wa kukandia visitumike kwa miguu isiyohisi. Vinaunguza ngozi na mgonjwa hasemi kitu. Na kwa mwenye jeraha la usawa wa neva ya 6 ya kifua kwenda juu, familia ijue alama hii: kichwa kinauma ghafla kwa nguvu, jasho linamtoka usoni, shinikizo la damu linapanda. Mkalishe, kisha angalia kama mpira wa mkojo umejikunja. Mara nyingi chanzo ni hicho tu, na kikiachwa kinaweza kuua.

Liko jambo linalozitia familia mashaka. Baada ya wiki kadhaa miguu iliyokuwa imelegea huanza kurukaruka yenyewe. Wengine hufurahi kuwa amepona, wengine huona ni jini. Si hili wala si lile. Ugwe wa mgongo una kazi zake unazozimaliza wenyewe bila kuuliza ubongo, kama pale mkono unapojitoa kwenye sufuria ya moto kabla hujajua kuwa umeungua. Jeraha linapoutenga ugwe na ubongo, kazi hizo hutulia kwanza, kisha huamka bila ya wa kuzizuia. Mazoezi ya kunyoosha viungo kila siku ndiyo yanayozuia misuli isikakamae. Ugwe wenyewe, ukishakatika, hauoti tena.

Kwa kuwa ugwe huishia juu kiunoni, tunaomba kuliondoa na lile linalosemwa barazani kuhusu sindano ya mgongo. Kina mama huiogopa wanapofanyiwa upasuaji wa kujifungua, na wazazi hukataa mtoto atolewe maji ya mgongo hata anapodhaniwa kuwa na homa ya uti wa mgongo, ambayo kila saa ina thamani. Chini ya ncha ya ugwe, mfereji una maji na nyuzi za neva zinazoelea kama mkia wa farasi. Sindano hupitishwa baina ya pingili ya 3 na ya 4 ya kiuno, au ya 4 na ya 5, na nyuzi husogea kuipisha. Pahala penyewe hupimwa kwa mstari unaounganisha ncha za juu za mifupa miwili ya nyonga. Kwa mtoto mchanga ugwe hufika chini zaidi, karibu na pingili ya 3, naye huchomwa chini zaidi. Mama akipewa dawa ya ganzi kwa njia hii, shinikizo la damu linaweza kushuka, kwani neva zinazobana mishipa ya damu nazo zimelala, ndiyo maana hupewa maji ya dripu na dawa ya kulipandisha. Baadhi huumwa kichwa siku chache wakikaa wima, kwa sababu maji kidogo yamevuja kwenye kitundu. Kupooza si tokeo lake la kawaida.

Nje ya mgongo neva hujipanga upya. Nne za chini za shingo na ya 1 ya kifua husukana nyuma ya mtulinga na kutoa neva zote za mkono. Hapa pana ajali nyengine ya mkarafuu. Anayeteleza akadaka tawi kwa mkono mmoja huvuta mizizi ya chini ya msuko huo, ya 8 ya shingo na ya 1 ya kifua: vidole vinajikunja kama kucha za kunguru, na pengine kope la upande ule hushuka na mboni ikawa ndogo. Anayetua kwa bega huku kichwa kimesukumwa upande wa pili huvuta mizizi ya juu, ya 5 na ya 6: bega haliinuki na mkono unaning'inia umegeukia ndani. Huyu wa pili hupelekwa kwa mkandaji akidhaniwa bega limeteguka. Neva iliyovutwa haitaki kuvutwa tena. Afungwe mkono kwa kanga shingoni, apelekwe hospitali.

Miguuni, neva kubwa kuliko zote mwilini hutoka nyuma ya nyonga ikiwa na upana wa karibu sentimita 2, hupita katikati ya tako na kuteremka nyuma ya paja. Kwa ajili yake, sindano ya tako huchomwa robo ya juu ya upande wa nje tu, na mtoto mdogo achomwe pajani. Karibu na goti hugawika mara mbili, na tawi moja huzunguka shingo ya mfupa mwembamba wa upande wa nje, chini kidogo ya goti, likiwa na ngozi tu juu yake. Wanaokaa jamvini wamekunja miguu usiku kucha wakichambua karafuu hulibana hilo. Ganzi ikipita baada ya dakika chache hakuna neno. Asubuhi ukiona unyayo unaburura na huwezi kutembea kwa kisigino, usikae tena mkao huo na uende ukapimwe. Neva iliyobanwa tu, nyuzi zake zikiwa nzima, hurudi kazini kwa wiki au miezi michache.

Iliyokatwa kwa panga au kwa chupa ni habari nyengine. Kwanza ishonwe, ikiwezekana ndani ya siku chache, na nyuzi mpya huota kwa takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwiko mpaka vidole, kwa mtu mzima, hilo ni zaidi ya mwaka. Misuli nayo haisubiri milele: baada ya mwaka mmoja na nusu hivi huwa imegeuka kovu, hata neva ikifika haina wa kumuamrisha. Kwa hivyo mwenye jeraha la kiganja au kifundo cha mkono, hata dogo, apimwe hisia za kila kidole kabla ngozi haijashonwa. Kushona ngozi juu ya neva iliyokatika ni kuifungia mlango.

Mwenye sukari huanza na nyayo, kwani neva ndefu huharibika kwanza. Atazame nyayo zake kila usiku na asitembee peku. Anayetumia dawa za kifua kikuu na akahisi miguu inawaka amwambie daktari, kwani moja ya dawa hizo hupunguza vitamini B6 na vidonge vyake vipo. Baka la ngozi lisilohisi mguso, popote lilipo, ni la kupelekwa kituo cha afya: huenda ni ukoma, ambao hula neva, na dawa yake hutolewa bure kwa miezi 6 au 12.

Na yule ambaye hakuanguka popote ila mgongo unamuuma na maumivu yanateremka mguuni, mara nyingi atapoa kwa wiki chache akiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi, na mkandaji mwenye mkono mwepesi hatamdhuru. Lakini akikosa hisia pale anapogusana na tandiko la baiskeli, au mkojo ukakataa kutoka, au miguu yote miwili ikalegea, asikandwe. Diski, yaani kile kijito laini cha kukalia baina ya pingili na pingili, imeubana mkia wa farasi, na upasuaji unatakiwa usiku huo huo ikiwezekana, usipite siku mbili.

Ombi letu kwa masheha na kwa wenye mashamba ni dogo. Kabla ya uchumaji kuanza, kila kambi iwe na ubao mmoja wa futi 6 na nusu kwa futi 1 na nusu, uliopigwa randa usiwe na vibanzi, wenye matundu ya kushikia matatu kila upande na kanga kuukuu nne za kufungia. Fundi seremala yeyote anaweza kuutengeneza kwa siku moja. Uegeshwe kwenye dungu la kambi, pahala panapoonekana, na wachumaji wanne wafanye mazoezi ya kumgeuza mwenzao mzima mara mbili tatu kabla ya mtu wa kwanza kupanda.

Wauguzi na matabibu wa viungo,
Pemba